Kuhesabu Miombo kwa Miguu

Ramani tuliyokabidhiwa Tabora mjini ilijaa nukta nyeusi. Zilikaa kwa mafungu, fungu moja hapa, jingine kilomita nyingi kule, na kila fungu na namba yake. Nukta moja ilikuwa katikati ya pori kusini ya Sikonge. Nyingine iliangukia shamba la mtu. Nyingine ilikuwa kwenye mbuga ya udongo mweusi ambako masika hakupitiki kwa gari wala kwa baiskeli. Kazi yetu ilikuwa kufika juu ya kila nukta, kuizungushia duara, na kupima kila kilichosimama, kilicholala na kilichokatwa ndani yake.

Hiyo ilikuwa tathmini ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara, iliyojulikana kwa kifupi cha NAFORMA. Iliendeshwa na Wizara ya Maliasili na Utalii, na baadaye Wakala wa Huduma za Misitu ulipoanzishwa ukaichukua, kwa msaada wa serikali ya Finland na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Vikundi vya wapimaji vilikuwa porini hasa kati ya 2010 na 2013, na mimi nilikuwa katika kimojawapo, nikishika ubao wa fomu. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuipima nchi nzima kwa kipimo kimoja. Takwimu zilikuwa za kuungaunga: hapa picha za ndege, pale hesabu ya msitu mmoja wa hifadhi, kwingine makadirio yaliyonakiliwa kutoka ripoti moja hadi nyingine mpaka asili yake ikasahaulika. Misitu ya Usambara na Udzungwa ilikuwa na vitabu vyake na wataalamu wake, na inastahili. Lakini miombo, pori hili la kawaida ambalo abiria wa reli ya kati hulitazama dirishani kutwa nzima kisha akasema hakuona kitu, lilikuwa halijapimwa.

Wafini walikuwa na uzoefu wa mambo haya. Kati ya 1921 na 1924 wapimaji wao walitembea mistari iliyonyooka kuikata nchi yao kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakihesabu miti njiani, na tangu hapo hawajaacha kurudia. Mtaalamu wao, Erkki Tomppo, alishiriki kubuni mpangilio wa nukta zetu: nyingi zaidi mahali palipotarajiwa kuwa na miti mingi, chache zaidi mahali ambako kufika kungekula muda na mafuta. Hatimaye zilipatikana nukta zaidi ya 30,000, kila moja na duara lake tuliloliita ploti. Ploti sita hadi kumi zilikaa pamoja, meta 250 kutoka moja hadi nyingine, na fungu hilo tuliliita klasta.

Tuliondoka Tabora alfajiri, Land Cruiser imesheheni mahema, madumu ya maji, unga, maharage na magazeti ya zamani ya kubania majani. Miembe ya mjini ikaisha, mashamba yakafuata, kisha barabara ya Sikonge ikaingia kwenye miti na miti haikuisha tena. Ilikuwa Septemba. Mgeni anayeifikiria nyika ya Tanzania wakati wa kiangazi hufikiria ukavu na vumbi, na vumbi lilikuwepo kweli, lakini juu yetu miombo ilikuwa inachipua. Majani mapya ya miombo hutoka mekundu, ya rangi ya shaba na divai, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Mizizi yake huyafikia maji yaliyobaki chini sana, ikawahi kuvaa kabla mawingu hayajakusanyika. Nimepita misitu mingi tangu hapo na bado sijaona kinachoushinda uzuri wa barabara ile kwa mwezi ule.

Kila kijiji tulianza kwa afisa mtendaji. Barua ikasomwa, kitabu cha wageni kikasainiwa, halafu tukaomba jambo moja: mtu anayeijua miti. Katika kijiji cha kwanza alitajwa mtu mmoja na kila aliyekuwepo, na kijana akatumwa kwenda kumwita. Akaja mzee mwembamba, shoka begani, mrina asali tangu ujana wake.

“Mwangaluka,” akatuamkia.

“Mwangaluka, babu. Shikamoo.”

“Marahaba. Nasikia mnatafuta miti. Miti gani?”

“Yote, babu,” kiongozi wetu akamjibu.

“Yote? Hata hii isiyo na kazi?”

“Hata hiyo.”

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwamba wote waliomjia kabla yetu walitaka kuonyeshwa mninga, na waliporudi walirudi na misumeno. Hakusema kwa chuki. Alitaka tujue kwamba anajua. Kiongozi wetu akaitandika ramani chini, akamwonyesha nukta na kumweleza kwamba hatukuichagua sisi, na kwamba kesho yake tungekwenda nyingine ambayo huenda haina hata kichaka. Mzee akaitazama ramani kwa muda, akauliza kaskazini iko wapi, kisha akatutangulia.

Kwenda kwenye nukta ni kufuata mshale wa kifaa cha setilaiti ulionyooka katika pori lisilonyooka. Mzee alikuwa na njia yake: alizunguka vichuguu, akapita kwenye vijia vya wanyama, na kila tulipodhani ametupoteza meta zikawa zinapungua. Ndorobo walitufuata tangu mwanzo. Kuumwa na ndorobo si kama kuumwa na mbu, anachoma kupitia shati na hafukuziki kwa kupungiwa mkono. Ni yeye pia aliyeyalinda mapori haya kwa vizazi vingi, kwa kuwa ng'ombe hawakuweza kukaa alipo. Wapimaji wenzangu walijifunga kanga shingoni. Mzee akachuma tawi lenye majani na kujipigapiga mgongoni huku anatembea.

Kifaa kiliposoma sifuri tulisimama. Palikuwa mahali kama pengine popote: nyasi zilizoungua nusu, miti ya urefu wa wastani, jiwe moja. Tukachomeka kijiti. Kutoka kijiti hicho duara la meta 15 lilikuwa letu, na ndani yake kila mti wenye kipenyo cha sentimeta 20 au zaidi. Ndani ya meta 10, kila mti kuanzia sentimeta 10. Ndani ya meta 5, kuanzia sentimeta 5. Na katika meta moja ya mwisho, miguuni petu, kila kifito chenye unene wa kuanzia sentimeta moja. Kipenyo hupimwa kwenye kimo cha kifua, meta 1.3 kutoka ardhini, na mti ukiwa kwenye mteremko unasimama upande wa juu. Kila mti wa tano ulipimwa pia urefu: mtu mmoja anarudi nyuma mpaka aone ncha, anasoma pembe, mwingine anashika mwisho wa utepe kwenye shina. Anayepima anapaza sauti, mwandishi anarudia, ndipo anaandika. Ukirudia vibaya unasahihishwa papo hapo. Baada ya ploti chache sauti hizo mbili huwa wimbo, namba inakwenda, namba inarudi.

Kabla ya namba ni jina. Hapo ndipo mzee alipokuwa chombo chetu muhimu kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya gari. Katika kikundi tulikuwa na mtaalamu wa mimea, kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hodari kweli, na alikuwa na vitabu. Lakini majani yalikuwa machanga na mekundu, na katika hali hiyo miti miwili inayotawala miombo ya Unyamwezi hufanana kama pacha. Mzee aliuita mmoja mtundu na mwingine muva. Aliinamisha tawi, akalifungua kiganjani. Mtundu, alituonyesha, una jozi chache za vijani na jozi ya mwisho, ile ya nchani, ndiyo kubwa kuliko zote. Muva una jozi zaidi, na kubwa ni za katikati. Kisha akaelekeza kidole juu: maganda ya muva hukaa juu ya kilele, nje ya majani, ya kahawia, kama yamewekwa yaanikwe. Kijana wetu akafungua kitabu chake na maelezo yakalingana moja kwa moja, *Brachystegia spiciformis* na *Julbernardia globiflora*. Tangu hapo ilikuwa desturi: mzee anataja, mimi naandika jina lake la Kinyamwezi, kijana anaandika la Kilatini. Wasipoafikiana, tawi linakatwa, linabanwa kwenye gazeti na kupewa namba likatambuliwe na wataalamu huko mbele.

Mninga ulikuwepo mmoja. Mzee aliukwangua gamba kwa ncha ya shoka, kidogo tu, na utomvu mwekundu ukachuruzika polepole. Sentimeta zake zilikuwa za mti mchanga. Katika ploti tulizopima huko Sikonge mininga mikubwa ilikuwa haba, na si kwa sababu mninga haukui huko. Tulivikuta visiki vyake, na visiki navyo tulivipima, kipenyo na urefu, na umri wa jeraha kwa kukisia. Mpimaji mzuri wa msitu lazima ajifunze kuangalia chini.

Karibu na ukingo wa duara ulisimama mti mkavu usio na gamba kuanzia usawa wa goti mpaka juu kabisa ambapo mtu anaweza kufika kwa ngazi. Niliuliza umekufa kwa nini. Mzee alisema bila kusita kwamba gamba lilichunwa kutengenezea mzinga. Gamba la mti likichunwa zima zima kama koti, linakunjwa upya, linafungwa kwa kamba za miti na kuzibwa ncha, na huo ndio mzinga wa magome unaoning'inizwa juu ya miti Tabora yote. Mti wenyewe hufa. Je, ni yeye? Si yeye huo, alisema, lakini amewahi. Kisha akatueleza upande wa pili, na nimeendelea kuufikiria. Mrina asali ndiye anayekesha kuzima moto wa pori, kwa sababu moto hukausha maua, na ukipita kwa nguvu hula mizinga. Mitundu huchanua kabla ya mvua, muva baadaye, na asali ya katikati ya mwaka ni ya muva. Kwa hiyo anayajua maua ya pori lake mti kwa mti, na mtu akiingia na msumeno yeye ndiye wa kwanza kusikia. Mti mmoja unakufa kwa mzinga, eneo zima linapata mlinzi. Hesabu hiyo haina safu kwenye fomu, lakini ningekuwa napanga uhifadhi wa Tabora ningeianzia hapo, kwa warina asali, nikawapa mizinga ya mbao ili hata ule mti mmoja ubaki.

Tulilala porini. Usiku maganda ya mitundu yaliyokauka yalikuwa yakipasuka kwa mlio mkali na kurusha mbegu, na mara ya kwanza nilidhani ni bunduki. Uji wa asubuhi ulitiwa asali. Siku nyingine zilikuwa za kawaida mno kusimuliwa: klasta, gari, klasta, tairi, barabara ya Ipole kuelekea Mpanda na mbuga zake nyeusi zilizopasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi.

Ploti ninayotaka kuieleza kwa kirefu haikuwa na mti hata mmoja. Ilikuwa upande wa Urambo, nchi ya tumbaku, na nukta yake ilikuwa imeangukia katikati ya shamba la mama mmoja. Tulimkuta anang'oa mabua ya msimu uliopita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Mmekuja kunipimia shamba mnitoze?”

Tukamweleza. Alisikiliza, akatutazama na dira zetu na utepe wetu, akasema, “Basi mmekosea njia. Miti iko kule,” akatuonyesha mstari wa kijani mbali. “Hapa hakuna mti.”

“Tunapima hapa hapa, mama. Karatasi imetuleta hapa.”

Alicheka, lakini alikuja kusimama nasi. Na kumbe palikuwa na mengi. Ndani ya duara tulikuta visiki vilivyokatwa chini kabisa, usawa wa jembe, na kwenye vingi kati yake vichipukizi vyekundu vilikuwa vimechomoza. Miombo haifi kirahisi. Ukikata shina, mizizi inabaki hai na kurudisha machipukizi mwaka hata mwaka. Shamba likipumzishwa, lisichomwe kila kiangazi wala visiki visichimbuliwe, pori lile lile hurudi, na si kwa mbegu kutoka mbali bali kwa mizizi iliyokuwepo. Ndiyo maana tofauti kati ya shamba linalopumzika na shamba lililong'olewa visiki ni kubwa mno kwa nchi, ingawa kwenye picha ya setilaiti yote mawili ni doa la rangi moja. Picha hizo hupata taabu hata na miombo yenyewe: mwezi wa nane, ikiwa imepukutisha majani, pori zima laweza kuonekana kama limefyekwa. Lazima mtu aende, apige magoti, aguse kisiki.

Nyuma ya nyumba ya mama yule lilisimama bani, jengo refu la udongo la kukaushia tumbaku, na kando yake lundo la magogo lililozidi kimo changu. Tumbaku ya Tabora hukaushwa kwa joto la kuni usiku na mchana mfululizo, moto haupaswi kuzimika. Alipoolewa, alisema, kuni za bani zilikatwa nyuma ya choo. Baadaye walikwenda na mkokoteni. Sasa hukodi lori pamoja na majirani. Alikuwa amepanda mijohoro mpakani na alituonyesha kwa fahari, imenyooka na kustawi, lakini kwa bani moja haitoshi, na yeye alijua kwamba haitoshi.

“Mnaandika na hilo?” akauliza, akilionyesha lundo.

Liliandikwa, ila si kwenye fomu yangu. Kikundi chetu kilikuwa na mwenzetu aliyefanya mahojiano ya kaya: mnapikia nini, kuni mnazipata umbali gani, uyoga, dawa, asali, nguzo za nyumba, mnachouza na mnachokula wenyewe. Alikaa na mama yule kivulini mpaka tulipomaliza kupima na kufunga utepe. Sijawahi kuona mtu akijibu maswali ya serikali kwa makini namna ile. Alitaja aina za uyoga kwa majina na mahali kila mmoja unapoota, na alipofika kwenye uyoga ambao watoto wake wadogo hawajawahi kuuona, alinyamaza kidogo kisha akaendelea na swali lililofuata. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushikana na mizizi ya miti ile ile, mtundu na jamaa zake. Miti ikiondoka uyoga hauhamii kwenye mijohoro.

Ndiyo maana naona ubora wote wa kazi ile ulikuwa katika nukta kutochagua. Mtaalamu akiachiwa achague mahali pa kupima, ataenda kwenye msitu mzuri. Mfanyabiashara ataenda kwenye mninga. Mpiga picha ataenda kwenye maporomoko. Hakuna ambaye angechagua shamba la mama yule, na kwa sababu hiyo kupotea kwa miombo yake kusingeandikwa popote. Nukta ikatupeleka.

Matokeo makuu yalitoka mwaka 2015, na niliyasoma nikiwa na fomu zile kichwani. Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi kidogo ya nusu ya nchi kavu yote. Zaidi ya asilimia 90 ya hizo zilikuwa mapori ya aina hii, miombo na jamaa zake, siyo misitu mizito ya milimani. Miti tunayoweza kuvuna kwa mwaka bila kula mtaji ilikadiriwa meta za ujazo milioni 42.8, na mahitaji yetu milioni 62.3. Pengo la milioni 19.5 lilizibwa na msitu wenyewe, kila mwaka, kwa mkaa, kuni, mbao na mashamba mapya. Hekta zinazopotea zilikadiriwa kwanza kuwa kama 372,000 kwa mwaka, na hesabu iliyofuata, iliyotumika katika taarifa ya nchi kuhusu hewa ukaa, ikazitaja kuwa 469,420 kwa mwaka kati ya 2002 na 2013. Nikiona namba hizo sioni ramani. Naona visiki vya usawa wa jembe, na vichipukizi, na najua kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo iko kwenye ardhi za vijiji na ardhi zisizo na mwenye kuzisimamia, mahali ambapo hakuna geti wala askari wa wanyamapori, na ambapo hakuna mgeni atakayelipa kuja kutazama. Fedha nyingi za uhifadhi wetu bado zinafuata tembo. Ninawapenda tembo. Lakini kuni za Urambo na mkaa wa Dar es Salaam havitoki Serengeti.

Safari yangu ya mwisho na kikundi kile ilikuwa kusini, wilaya ya Kilwa, ambako miombo inakaribiana na pwani na mpingo unaota kati yake. Mpingo si mti wa kuvutia macho. Ni mfupi, umepinda, una matawi yenye ncha kama miiba, na shina lake mara nyingi lina mifereji. Kinachotafutwa kiko ndani: moyo mweusi mzito unaozama majini, ambao wachongaji wa Kimakonde wameujengea jina duniani na ambao viwanda vya ala za muziki huko Ulaya hutengenezea klarineti na oboe. Huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Moto wa kila mwaka huupasua na kuuozesha moyo, kwa hiyo kabla ya kuandika ubora wa shina, mwenyeji wetu aliligonga kwa mgongo wa panga na kutega sikio. Likilia zito, ni zima. Likilia kama ngoma, ndani mna tundu.

Huko tulikuwa na klasta ya kudumu. Sehemu ya klasta zote iliwekwa ili irudiwe miaka ijayo, mti kwa mti, na hivyo kila shina lililopimwa liliandikiwa umbali na pembe yake kutoka katikati. Katikati penyewe tulizika kipande cha chuma. Hatukupaka rangi mti wowote wala kupigilia kibati, kwa makusudi: watu wakiiona alama wataiogopa au wataipendelea, na ploti itaacha kuwa kama pori linaloizunguka. Atakayerudi atatafuta chuma kile, atasimama juu yake, na kwa dira ataukuta kila mti pale tulipouacha, au kisiki chake. Bila mtu huyo kurudi, kazi yote ile ni picha moja tu ya mgonjwa ambaye hajulikani anapona au anazidiwa. Kurudi ni gharama, na gharama hiyo inapaswa kuwa katika bajeti ya nchi kama ilivyo sensa ya watu, isisubiri mfadhili.

Watu wa Kilwa waliotuongoza walikuwa wa kamati ya maliasili ya kijiji, wanaume na wanawake, na hawakuwa wageni wa kazi hii. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe, kuvuna na kuuza, na vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vimefanya hivyo. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa kusaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Ili kijiji kijue kinaweza kuuza magogo mangapi lazima kwanza kipime. Kwa hiyo kamati iliyokuja kutuonyesha njia ilikuja na utepe wake.

Walitutazama tukipima ploti ya kwanza. Katika ya pili mama mmoja wa kamati akamchukulia kijana wetu upande wa pili wa utepe bila kuombwa, na alipiga hesabu ya kipenyo haraka kuliko sisi. Tulipofika kwenye mpingo mmoja mnene kandokando ya kijito, mwenyekiti wao akasema huo umefikia, mwakani unauzika. Mama akakataa. Uko ndani ya eneo la maji, alisema, na mkutano mkuu wa kijiji ulishapitisha kwamba kandokando ya kijito hakukatwi. Mwenyekiti akataja bei. Mama akataja kisima cha shule kinachotegemea kijito hicho. Wakabishana pale pale, kwa heshima lakini kwa nguvu, huku sisi tumesimama na kifaa cha kupimia urefu, na mwisho wakamtazama katibu. Katibu akafungua daftari lake lenye jalada gumu, akaandika mti ule kuwa haukatwi, na akawasomea wote alichokiandika.

Nikaomba kuliona daftari. Lilikuwa limechorwa mistari kwa rula, kurasa na kurasa: jina la mti, kipenyo, unyoofu wa shina, mahali ulipo. Safu ya mwisho kulia ilikuwa ya mwaka wa kurudi kupima, na katibu alikuwa ameshaijaza yote.